Mwaka wa Mikono Inayoteleza

Sifa njema zote ni zake Mwenyezi Mungu, aliyetuumba kwa udongo, akatupa vidole vya kushika na vya kuachilia, na siku atakapotufufua atazirudisha hata ncha za vidole hivyo mahali pake. Namshukuru kwa umri alionipa, na kwa watu aliowaweka njiani mwangu, hata wale aliowachukua kabla yangu. Rehema na amani zimshukie Mtume wake. Baada ya hayo, nasimulia.

Mwezi uliopita tulimzika Simiyu kwao Kabuchai. Nilitoka Bungoma mjini asubuhi nikiwa nimevaa kanzu na koti juu yake, nikafika boma lao lililozungukwa na miwa, nikaketi chini ya hema upande wa wazee. Watu waliimba nyimbo za kanisa lao, nami nikamwombea kwa moyo. Hakuna aliyenijua. Nilipofika mbele kumpa pole mjane, mama mwenye leso nyeusi kichwani, alishika mkono wangu, akaugeuza, akatazama kiganja kikavu chenye sugu. "Shemeji," akasema, "si wewe ndiye yule wa mafuta?" Nikamwambia ndiye mimi. Akacheka. Pale pale kando ya jeneza akacheka, akawageukia binti zake: "Huyu ndiye Lama! Baba yenu alikuwa anatuambia habari yake kila Krismasi, nikafikiri ameitunga." Kisha kicheko kikageuka kilio, na hakuniachia mkono. Binti mkubwa akaniomba niiandike habari hiyo jinsi ilivyokuwa, kwa sababu aliyeisimulia hayupo tena. Jina langu ni Ramadhani. Kwa ulimi wa Simiyu nilikuwa Lama tangu siku ya kwanza, na sikuwahi kumsahihisha.

Mwaka ninaousema nilikuwa kijana, ndevu ndiyo kwanza zinaota, nimepelekwa Kitale kufanya kazi katika ghala la mahindi. Kazi yangu ilikuwa kupima unyevu. Mkulima alileta magunia yake, nami nilichoma gunia kwa chuma chenye mfereji, nikatoa punje kiganjani, nikazitia katika mashine ndogo mezani, nikasoma. Yakiwa makavu, yaliingia ghalani. Yakiwa na maji, yalirudi nyumbani yakaanikwe tena. Ni kazi safi, lakini ni kazi ya kukataa watu. Mama aliyetoka Endebess na mahindi yake juu ya mkokoteni wa punda aliniambia, "Mwanangu, hayo yamekauka, tafuna usikie." Nikatafuna, nikasikia, na bado mashine ikakataa. Mzee mwingine aliniangalia, akaanza kufunga magunia yake upya kwa kamba ya sisali, polepole, ili nimwone akifunga. Baada ya muda nikawa najulikana mjini kama yule kijana wa unyevu. Nikiingia hotelini kula, mazungumzo yalipungua. Nikikaa kwenye benchi, benchi lilikuwa langu peke yangu.

Chumba changu kilikuwa cha mbao, katika safu ya vyumba karibu na msikiti. Kitanda, jiko la mkaa, ndoo mbili, na msumari mmoja wa kutundikia kanzu. Ukuta wa kati ulikuwa mwembamba hata niliweza kusikia jirani akivunja yai. Walikuwa mume na mke, na walizungumza sana. "Umeweka chumvi?" "Nimeweka." "Sisikii." "Basi ulimi wako ndio hauna chumvi." Kisha walicheka. Mimi upande wangu nilikuwa nimekaa na sahani ya ugali na sukuma, na mara nyingine nilijikuta nimesimamisha tonge hewani nikingoja mmoja wao ajibu. Siku hizi watoto wangu hunilaumu kwamba napenda redio iwe inasema hata nisipoisikiliza. Hawajui kwamba nilijifunza huko, mwaka ambao maneno yote niliyokula nayo yalikuwa ya watu wengine.

Msikitini nilihudhuria, sikukosa. Lakini hata mahali pa ibada mtu anaweza kuwa mgeni kwa muda mrefu. Baada ya sala tulipeana mikono ile ya haraka, ncha kwa ncha, kisha kila mmoja akaenda zake. Wafanyabiashara walirudi madukani, wazee wakarudi kwa wajukuu, nami nikafunga viatu taratibu zaidi ya ilivyohitajika.

Jioni moja nikitoka kazini nilisikia chuma kikianguka nyuma ya karakana ya matrekta, na baada ya chuma, watu wakicheka. Nikafuata kicheko, si chuma. Nyuma kule kulikuwa na chumba cha mabati chenye sakafu ya mbao nene, na ndani vijana wanane au tisa wakinyanyua uzito. Chuma chao kimoja kilikuwa cha kweli, chenye meno madogo ya kushikia, na vingine vilikuwa ekseli za magari zilizosuguliwa hadi zikang'aa. Uzito wenyewe ulikuwa magurudumu ya gia za matrekta na makopo ya rangi yaliyojazwa saruji. Mkuu wao alikuwa fundi wa karakana hiyo, Ndiema, mtu wa Kapsokwony, mfupi, mwenye shingo kama kigogo, na wote walimwita Kocha. Alinitazama mlangoni. "Unataka kuona ama unataka kunyanyua?" Nikasema kunyanyua. "Basi ingia, usituingizie baridi."

Kulikuwa na adabu yao humo ndani. Hawakupeana mikono. Pembeni palikuwa na beseni la bati lenye chaki, siyo ile ya ubao, kwa sababu ile walishaijaribu wakaona inateleza, bali chaki laini ya wanyanyuaji ambayo Kocha alikuwa akiagiza kutoka Nairobi, vipande vyeupe kama jibini. Ilikuwa haba, na aliyekwisha kupaka hakutaka ipotee kwenye kiganja cha mwenzake. Kwa hiyo walisalimiana kwa viwiko. "Niaje?" Kiwiko kwa kiwiko. "Poa." Nikajifunza hivyo. Nikajifunza pia kupaka: viganja, vidole, na ile nafasi kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha kupiga makofi mara moja ili unga uliozidi uanguke, kwa maana chaki nyingi ni mbaya kama chaki haba. Mara ya kwanza niliponyoosha mikono nikaiweka juu ya unga ule, nilimkumbuka mwalimu wangu wa madrasa akitufundisha kutayamamu pasipo maji, kupiga udongo safi na kupangusa. Nikatabasamu peke yangu. Simiyu akaniona. "Huyu anacheka na chaki, bana," akasema. "Kitale baridi imemwingia kichwa." Hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu, na nikaenda nayo nyumbani kama mtu aliyepewa zawadi.

Simiyu alikuwa kibarua wa kupakia mbao, mrefu, mwenye maneno mengi. Tukapangwa pamoja kwa kuwa nguvu zetu zililingana. Kazi ya yule asiyenyanyua ni kusimama karibu, kumwangalia mwenzake mgongo, na kumwita jina chuma kinapopanda. "Lama! Lama! Lama!" Msomaji wangu, kama wewe ni mtu uliyezoea kuitwa jina lako mchana kutwa, labda hutaelewa nilivyokuwa nikingoja jioni.

Miezi ya kwanza uzito ulikuwa mdogo na yote yalikwenda vizuri. Ulipoongezeka, mikono ikaanza kunisaliti. Kile tulichokipenda zaidi kilikuwa kuinua chuma kutoka sakafuni hadi mtu asimame wima, magoti yamenyooka, mabega yamerudi nyuma, na kubaki hivyo hadi Kocha aseme, "Shusha!" Nilikuwa nasimama vizuri. Lakini nikifika juu, chuma kilianza kutembea vidoleni, polepole, kama mjusi anayetoka shimoni. Nikaongeza chaki. Kikateleza zaidi, na viganja vyangu vikawa na tope jeupe. "Mwangalieni huyu," wenzangu walisema, "anakanda unga wa nani?" Kocha alinifundisha kushika kiganja kimoja kikitazama mbele na kingine kikinitazama mimi. Alinifundisha kufungia gumba chini ya vidole, jambo linalouma hadi machozi. Chuma kikateleza kwa njia mpya.

Halafu siku moja kiliniponyoka upande mmoja nikiwa nimekwisha kusimama. Gia ya trekta ilianguka pale Simiyu alipokuwa amesimama. Aliruka nyuma. Ilipasua ubao wa sakafu na kukata ukingo wa kiatu chake, ngozi tu, mguu ukapona kwa rehema ya Mungu. Simiyu alivua kiatu akahesabu vidole vyake kwa sauti, akijaribu kuchekesha watu, lakini alivihesabu mara mbili. Kocha akanitoa nje. "Ramadhani, mgongo wako unaweza. Miguu inaweza. Mikono ndiyo inakataa, na mtu ambaye mikono yake inakataa siwezi kumweka karibu na miguu ya watoto wa wenyewe. Utafanya kwa kona, na chuma kidogo, peke yako. Ukiweza kukishika, utarudi." Kisha akaniambia kwamba baada ya mavuno kutakuwa na mashindano Bungoma, na atachukua wale tu anaowaamini. Alisema bila hasira. Ingekuwa hasira, ningeweza kuivumilia vizuri zaidi.

Nikawa mtu wa kona. Viwiko vilipungua, kwa sababu ili kunisalimia ilibidi mtu avuke chumba. Hakuna aliyenichukia. Walikuwa tu na kazi zao, na mwenzake mpya Simiyu alikuwa kijana wa Kiminini mwenye sauti kubwa. Niliwasikia wakiitana majina upande wa pili, nami nikaning'inia kwenye boriti hadi vidole vikafa ganzi. Nilibeba ndoo za maji kwa ncha za vidole kutoka bombani hadi chumbani. Nilikamua gunia lililolowa kama mwanamke anayekamua blanketi. Mikono ikanenepa, mishipa ikasimama, sugu zikaota chini ya kila kidole. Lakini jioni chuma kikateleza vile vile. Mchana kutwa nilikuwa nikiwaambia watu mahindi yenu yana unyevu, rudini nyumbani, na haikunijia kuwaza kuhusu ngozi yangu mwenyewe. Katika sujudi nilimwambia Mola wangu: kama mahali hapa si pangu, nionyeshe, nitaondoka kwa amani. Nikafikiri kuteleza kule ndiko jibu lenyewe.

Mwezi wa Ramadhani ulikuja ukapita. Siku ya Idd, baada ya sala, watu walikumbatiana uwanjani, kisha kila ukoo ukaelekea nyumbani kwake na manukato yake. Nilikuwa nimepika pilau. Nilikuwa nimepika nyingi, sijui nilidhani nani atakula. Jirani zangu walikuwa wamesafiri, na kwa mara ya kwanza ukuta ulikuwa kimya. Nikaketi na sufuria mbele yangu, nimevaa kanzu mpya, nimejipaka mafuta nikang'aa. Nikala kidogo, nikafunika.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Simiyu, amevaa shati la kanisani, mkononi ana mfuko wa ndizi mbivu. "Nimeuliza kwa msikiti, wameniambia huyo wa unyevu anakaa huku," akasema. "Si leo ni Krismasi yenu? Mtu hakai pekee yake Krismasi." Akaweka ndizi chini, akanyoosha mkono, mkono mzima, wa kwetu Bungoma, ule wa kushikana na kutikisana na kukaa hivyo mkiulizana habari za nyumbani. Ulikuwa mwaka mzima sijashikwa mkono namna hiyo. Akashika, akatikisa, kisha akaacha kutikisa. Akatazama chini.

"Ati, Lama. Hii nini?"

"Nini nini?"

"Umepaka nini mkono?"

"Mafuta."

"Ya leo? Juu ya sikukuu?"

"Ya kila siku," nikasema. "Alfajiri nikishatawadha, na jioni kabla sijatoka."

"Kabla hujatoka kuenda wapi?"

"Kuja kwenu. Kunyanyua."

Aliitazama tena mikono yangu. Kisha akakaa kitandani, akashika tumbo, akacheka mpaka kofia yake ikaanguka. "Unga juu ya mafuta!" alisema alipopata pumzi. "Mafuta kwanza, halafu unga! Kumbe wewe mwaka wote unapika chapati, bana!"

Msomaji asinione mjinga kupita kiasi. Kitale ni baridi na upepo wake hukausha ngozi hadi iwe nyeupe kama ya mtu aliyelala jivuni, na katika malezi yetu kutoka mbele za watu ukiwa umepauka ni aibu kwako na kwa aliyekulea. Mikono na uso, mafuta ya mgando, ndipo utoke. Nilikuwa najipaka mafuta ili niende nikiwa mtu wa heshima mbele ya wale niliotaka wanipende. Na sugu zile nene ziliyanywa mafuta zikayahifadhi, zikayatoa chuma kilipozikandamiza. Kocha aliniangalia kila kitu, miguu, mgongo, gumba, lakini hakuwahi kugusa kiganja changu, kwa kuwa humo ndani tulisalimiana kwa viwiko. Msikitini waligusa, lakini huko kila mkono ulikuwa na mafuta. Ilihitajika mtu mmoja anishike kama ndugu, mahali pasipo chaki.

Simiyu alikula pilau hadi sufuria ikalia. Kisha akanitoa bombani, akachota jivu la jiko langu, akaniambia nisugue. Jivu, sabuni ya kipande, jivu tena. "Sugua kama umeiba," alisema. Mikono ikatoka mikavu, imepauka, mibaya. Tangu siku hiyo niliacha mafuta viganjani, na nikatembea Kitale na mikono ya aibu. Mama mmoja ghalani alinitazama nikichota punje zake, akamnong'oneza mwenzake, "Huyu mtoto hana mtu, angalia mikono." Alisema kweli, lakini ilikuwa kweli ya jana.

Jioni iliyofuata Simiyu alimweleza Kocha mbele ya watu wote, akiigiza jinsi ninavyopaka, na chumba kizima kikaangua kicheko. Kocha hakucheka. Alinijia, akavunja ile desturi, akashika viganja vyangu viwili kwa vidole vyake, akavigeuza, akavinusa. "Paka chaki," akasema. Nikapaka, nikapiga makofi mara moja. Nikashika chuma cha kona, na kwa mara ya kwanza nilihisi meno yake madogo yakiingia ngozini kama yananitambua. Hakikutembea. Kocha alimwambia Simiyu arudi asimame karibu nami. Simiyu akaja, na ingawa alitania, nilimwona akivuta miguu yake nyuma kidogo. Sikumlaumu. Imani huja kwa miguu yake yenyewe.

Baada ya mavuno tulishuka Bungoma kwa lori la karakana, tumekaa juu ya magurudumu ya gia, tukasimama Misikhu kununua mahindi ya kuchoma. Mashindano yalikuwa katika ukumbi wenye madirisha ya juu, na watu walikuja wengi, wengine kwa kupenda, wengine kwa kuwa nje kulikuwa na mvua. Sheria ilikuwa moja na kali: hakuna kamba ya kufungia mkono, ni mtu na vidole vyake na chaki. Mbele yangu watu walinyanyua zaidi yangu, na nyuma yangu pia. Sikuja kushinda. Nilikuja ili niwe miongoni mwa wale waliokuja.

Nikaitwa. Nikapaka chaki, nikainama, nikasoma Bismillahi, nikavuta. Chuma kikapanda kupita magoti, nikanyooka, mabega nyuma. Kikatulia mkononi kama kimezaliwa hapo. Wenzangu wa Kitale wote walikuwa wamesimama wakiniita, na Simiyu sauti yake juu ya zote, Lama, Lama, na watu wa ukumbi, wasionijua kabisa, wakaanza kuita pia. Mwamuzi akainua mkono akaushusha. "Shusha!"

Sikushusha.

Nilimsikia vizuri. Mikono ilikuwa inawaka, mgongo ulikuwa unalia, na chuma kilikuwa changu. Nilijua tu kwamba kikigusa sakafu, sauti zile zitakoma, watu watarudi kwenye viti vyao, lori litapanda Kitale, na mimi nitafungua mlango wa chumba cha mbao. "Shusha, kijana!" mwamuzi akasema tena, na watu wakaanza kucheka. Kocha akapiga kelele kwamba nitajiumiza. Nikaendelea kusimama, macho yamejaa maji, nikiomba kwa Mungu dakika moja zaidi.

Simiyu ndiye aliyepanda jukwaani. Alikuja hadi karibu sana, miguu yake chini ya kile chuma, pale pale ambapo gia ingeweza kumwangukia, akasema kwa sauti ya chini ambayo mimi peke yangu niliisikia: "Lama. Weka chini. Hatuendi popote."

Nikaweka chini.

Ee uliyesoma hadi hapa, Mwenyezi Mungu akupe afya ya mikono yako, aikaushe na kila kinachoteleza, na asikuache siku hata moja bila mtu wa kukuita kwa jina. Na kama jirani yako anakula peke yake leo, Mungu akupe miguu ya kwenda mlangoni kwake. Amina.